Chungu cha Marehemu Pruett

Kanali amelala ubavu kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa letu hapa Wenscombe. Ni wa marumaru nyeupe. Kiwiko kimeegemea mto wa jiwe, mkono mmoja umeshika upanga na mwingine karatasi iliyoviringwa, ili mtu ajue kwamba alitumikia jeshi na Bunge. Fundi aliyemchonga hakuwahi kumwona, ndiyo maana akampa kidevu. Chini yake imeandikwa kwamba Peregrine Hussall alikuwa baba wa askari wake na sauti ya mji wake. Jua la asubuhi humpiga usoni kila Jumapili kwa muda wa zaburi moja, halafu humwacha. Nimekaa mkabala naye miaka mingi, na bado sijazoea jinsi jiwe zuri lisivyojua kuona haya.

Alizaliwa mtoto wa pili katika nyumba ya Hussall, nyumba yenye dohani kumi na mbili na vitabu vitatu. Mashamba yalikuwa ya kaka yake. Yeye alipelekwa London kusomea sheria, akarudi baada ya miaka miwili na nywele za bandia zilizofika kiunoni na kikohozi cha kujidai, kile cha mtu anayetaka chumba kinyamaze kabla hajasema neno. Neno lenyewe mara nyingi halikuja. Baba yake, kwa kuchoka kumtazama mezani, akamnunulia ukapteni. Siku zile cheo cha jeshi kilinunuliwa kama farasi, ila farasi alikaguliwa meno kwanza.

Akaenda vitani Flandria na vijana sitini wa mji huu. Siku ya pambano kubwa alikutwa ndani ya kinu cha kusagia ngano, akisema kwamba analinda unga. Jeraha lake la pekee lilikuwa jino, nalo liling'olewa na kinyozi. Lakini waliokuwa juu yake walikwenda mahali penye risasi, wakafa mmoja baada ya mwingine, na kila kifo kilimpandisha yeye ngazi moja. Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani kanali, mnene kuliko alivyoondoka, akapewa ngome ndogo ya pwani, maili tatu kutoka mjini, ailinde dhidi ya Wafaransa ambao hawakuwa na haja nayo.

Kwenye daftari la ngome kulikuwa na askari sitini. Waliokuwa wakipumua walikuwa thelathini na wanane.

Wengine walikuwa wamebaki chini ya udongo wa Flandria, lakini Kanali hakuwafuta. Mshahara wa askari hai ulitoka hazina ya Mfalme, na mshahara wa askari mfu ulitoka hapohapo, isipokuwa huu wa pili haukupita mfukoni mwa askari. Kila miezi miwili Mkaguzi alikuja kuhesabu vichwa. Asubuhi ya siku hiyo sajini alipita mjini akiokota wanaume: mwokaji, mfumaji, mlevi aliyelala nje ya kilabu cha bia. Walivikwa makoti mekundu, wakapewa bunduki zisizo na baruti, kila mmoja akafundishwa jina lake la siku hiyo. Mkaguzi alisoma orodha huku akiwaza chakula cha mchana. Jina likitajwa, mtu alijibu "Hapa!" na mfu mmoja akaishi miezi miwili zaidi. Mji mzima ulijua. Malipo yalikuwa mkate, jibini na mtungi wa bia, nasi tulikuwa watu tulioona hicho ni kitu.

Humphrey Dabb, fundi viatu, ndiye aliyejibu kwa jina la Jasper Pruett.

Jasper alikuwa mchunga kondoo. Alifia kwenye ghala la nyasi kavu, kwa kuhara damu, akazikwa kandokando ya shamba la kabichi. Nat Gaylard, aliyerudi na mkono mmoja, ndiye aliyemwambia mke wa Jasper, Thomasin, na alimwambia yote, hata habari ya zile kabichi. Thomasin alilia majira ya baridi yote. Kisha akajifuta, akarudi kwenye kusokota sufu, na mwaka wa tatu akaanza kupeleka viatu kwa fundi kabla havijaharibika.

Humphrey hakuwa kijana wala hakuwa mzuri wa sura. Alikuwa mpole, na alilala kwenye chumba cha juu kwa kaka yake, kwa kuwa hakuwa na nyumba. Walikubaliana kuoana. Wakaenda kwa Mchungaji Coker kuomba ndoa yao itangazwe kanisani Jumapili tatu, kama desturi ilivyo.

Mchungaji alikohoa. "Thomasin, mwanangu, mume wako wa kwanza…"

"Amekufa, Mchungaji. Nat alimfukia kwa mikono yake. Wakati huo alikuwa nayo yote miwili."

"Nat si afisa. Lazima nipate neno la Kanali."

Akamwandikia Kanali. Jibu likaja kwa mwandiko wenye mikia mirefu: Askari Jasper Pruett yu mzima wa afya, anatimiza wajibu wake ngomeni, ila anapenda pombe kidogo.

Mchungaji Coker hakuwa mjinga. Alikuwa amemzika mama yake Jasper na alijua vizuri ni nani aliyekosekana mazikoni. Lakini kanisa alilopewa alilipewa na akina Hussall, na kila Alhamisi alikula bata kwao. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya kitabu cha ndoa.

"Nasikitika," akasema. "Kwa mujibu wa jeshi, una mume."

Walipofika darajani Thomasin akasimama. Hapo akageuka.

"Humphrey Dabb, Jumapili unanichumbia, Jumatatu unavaa koti unakuwa mume wangu. Chagua moja, bwana wee."

"Nikikataa, sajini ataniandika askari kweli. Na viatu vya ngome vyote nashona mimi."

"Kwa hiyo nife na mume wa kabichini?"

"Sijasema hivyo, Tamsin," akasema, kwa jina fupi alilozoea kumwita.

"Hujasema lolote. Ndiyo shida yako. Neno lako moja tu ndilo lenye nguvu hapa mjini, na unalisema kwa jina la mtu mwingine."

Mambo yangeweza kubaki hivyo, maana mji wetu una kipaji cha kuacha mambo yabaki. Lakini kufikia mwezi wa Mei Thomasin alikuwa na mimba. Mjane akizaa bila ndoa, alisimamishwa kanisani Jumapili tatu, amefunikwa shuka jeupe, miguu mitupu, ameshika fimbo, watoto wakimcheka. Na huyu kwa karatasi hakuwa mjane. Alikuwa mke wa askari aliye hai, mzinifu, na kesi yake ingekwenda mbele ya hakimu. Hakimu wa wilaya alikuwa Kanali Hussall. Mtu aliyemweka mumewe hai ndiye ambaye angemtuma kuchapwa viboko kwa sababu mumewe yu hai, kisha angekwenda kula bata. Sidhani kama hilo lingemkosesha usingizi. Watu kama yeye huwa wanalala vizuri sana.

Mtoto alitarajiwa Oktoba. Uchaguzi ukatangazwa kuwa Juni.

Kanali aliutamani ubunge kwa namna ya mtu aliyeona kiti kizuri katika nyumba ya mwenzake. Hakuwa na jambo la kusema Bungeni. Ila alikuwa amechoka kukohoa katika vyumba vidogo. Mpinzani wake alikuwa Bwana Esdaile, mfanyabiashara wa sufu, mtu mkavu, mchoyo wa maneno, ambaye wafumaji hawakumpenda lakini walimjua.

Hapa Wenscombe kura ilikuwa ya chungu. Mwanamume aliyekuwa na meko yake na kuchemsha chungu chake mwenyewe ndiye aliyekuwa mpiga kura. Aliyelala kwa nduguye na kula chungu cha mwingine hakuwa kitu. Na ili pasiwe na ubishi, siku ya uchaguzi kila mwenye nyumba alitoa chungu chake barabarani, akawasha moto mbele ya mlango wake, akakichemsha watu wakiona. Msimamizi wa mji alipita chungu kwa chungu, akafunua kifuniko, akanusa, akauliza jina la mtu na kura yake. Mchungaji alifuata na Kitabu kwa ajili ya kiapo, karani alifuata na karatasi, na wagombea wawili wakafuata nyuma wakijifanya wanapenda harufu. Mume akiwa vitani, mkewe aliutunza moto wa nyumba, na haki ya chungu ilimngoja mwenyewe arudi. Mjane hakungojewa na mtu. Chungu chake kilikuwa chakula tu.

Usiku wa kuamkia uchaguzi, Thomasin alitoa chungu chake kikubwa cha chuma, akakisugua kwa majivu na mchanga.

"Unafanya nini?" Humphrey akauliza.

"Nampikia mume wangu. Kesho anakuja kupiga kura."

"Tamsin!"

"Koti lako liko wapi?"

Thomasin alimweleza mpango wake mara moja tu, naye Humphrey akausikiliza mpaka mwisho. "Watanifunga," akasema.

"Kwa kosa gani? Kwa kuwa Jasper Pruett? Umekuwa Jasper mbele ya Mkaguzi wa Mfalme mara kumi na moja, hakuna aliyekufunga. Ulipewa jibini."

"Na Kanali asipopinga?"

"Yule?" Thomasin akasugua. "Nimefua nguo kwao miaka sita. Yule hawezi kuona kijiko kimoja kikienda kwa mtu mwingine. Atapinga tu."

Asubuhi ilikuwa ya mawingu na moshi. Kwenye vyungu kulikuwa na kichwa cha kondoo, njegere kavu na nyama ya nguruwe, kabichi, na chungu kimoja cha maji na jiwe cha mzee Quance, ambaye alisema sheria haikutaja chakula. Msimamizi, Bwana Gollop, alinusa vyote. Kanali alitembea na kiatu cha kisigino chekundu katikati ya matope, akimwambia kila mtu "rafiki yangu" kwa sababu hakujua jina la hata mmoja. Kwa mwokaji alisema, "Rafiki yangu, tulipigana pamoja Flandria, sivyo?" Mwokaji, ambaye hakuwahi kuvuka daraja letu, akajibu, "Mara nyingi, Mheshimiwa," na akampa kura.

Walipofika mwisho wa Njia ya Kinu, karani akasoma: Hussall arobaini na nne, Esdaile arobaini na tatu. Vyungu vilikuwa vimekwisha. Kanali akaanza kukohoa kile kikohozi chake.

"Bado kimoja," mtu akapaza sauti.

Mbele ya mlango wa mwisho chungu kilikuwa kinatokota. Kando yake alisimama Thomasin, aproni ikiwa imefungwa juu ya tumbo ambalo halikuweza tena kusingiziwa mkate. Kando ya Thomasin alisimama Humphrey Dabb, amevaa koti jekundu.

Bwana Gollop akafunua kifuniko. Akanusa. "Maini na vitunguu. Chungu cha nani?"

"Cha mume wangu," Thomasin akasema.

"Jina?"

Thomasin akamgusa Humphrey kwa kiwiko.

"Jasper Pruett," Gollop akasoma kwenye orodha yake ya nyumba, kwa sauti ya kuuliza.

"Hapa!" Humphrey akapaza, kisigino kwa kisigino, kama alivyofundishwa.

Barabara nzima ikaangua kicheko. Mzee Quance akakaa chini. "Jasper, mwanangu," akasema akifuta machozi, "Flandria imekufupisha!"

"Ni kabichi," mwingine akadakia. "Ukilala nazo sana unakuwa hivyo."

"Kura yako kwa nani?" Gollop akauliza. Hakucheka. Alikuwa mtu wa utaratibu.

"Bwana Esdaile," Humphrey akasema, kwa sauti ndogo.

Karani akainua kalamu. Arobaini na nne kwa arobaini na nne. Na kura zikilingana, desturi yetu ilitaka vyungu virudi motoni kesho yake. Na kila mtu pale alijua kwamba jioni hiyo wapagazi sita wa Esdaile, wenye nyumba zao na vyungu vyao, walikuwa wanarudi na mikokoteni kutoka Bristol.

Kanali naye alijua. Ndilo jambo pekee alilowahi kulijumlisha mwenyewe.

"Huyu si Pruett!" akasema. "Huyu ni… ni yule wa viatu!"

"Si Pruett, Mheshimiwa?" Thomasin akauliza, kwa upole wa mtu anayetia uzi kwenye sindano. "Mbona ngomeni ni Pruett?"

"Nyamaza, mwanamke."

"Basi kama huyu siye, mume wangu yuko wapi? Mheshimiwa uliandika yu mzima wa afya. Mchungaji anayo barua. Niambie aliko nikamwite, chungu kinakauka."

Mchungaji Coker akakishika Kitabu kwa mikono miwili na kutazama viatu vyake.

Nimejaribu mara nyingi kufikiri alichokiona Kanali dakika ile. Upande mmoja, daftari la askari sitini. Upande wa pili, kiti. Ningependa kusema kwamba alimwona pia kijana wa kondoo kwenye ghala la nyasi, lakini sina sababu ya kumpa heshima hiyo. Alifikiri kwa muda wa kutosha kifuniko kupiga ukingo wa chungu mara tatu. Bila shaka alikumbuka kwamba Mkaguzi alikuwa mgeni nyumbani kwake siku hiyo, na mgeni aliyeshiba haulizi, na kwamba kosa lolote la daftari linaweza kuwa la karani wa ngome.

"Pruett amekufa," akasema.

"Lini, Mheshimiwa?"

"Zamani! Miaka minne. Agosti. Kuhara. Huyu ni laghai, kura yake ifutwe!"

Gollop akatikisa kichwa. "Pingamizi lisilo na kiapo si pingamizi, Mheshimiwa. Uape kwenye Kitabu na utie sahihi. Mchungaji atashuhudia."

Kitabu kikafunguliwa. Kanali Peregrine Hussall akaweka mkono wake juu yake na kuapa mbele ya Mungu kwamba askari Jasper Pruett alikufa Flandria miaka minne iliyopita. Akaandika jina lake kwa mikia mirefu. Mchungaji akaandika lake chini.

"Kura imefutwa," Gollop akatangaza. "Kanali Hussall arobaini na nne, Bwana Esdaile arobaini na tatu. Mbunge ni Kanali Hussall."

Wapambe wake wakapiga kelele, kofia zikarushwa, akabebwa mabegani akiwa na tope mpaka magotini. Thomasin hakutazama. Alikuwa amemkamata Mchungaji kwa mkono wa joho.

"Umesikia, Mchungaji?"

"Nimesikia."

"Umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia, Thomasin."

"Jumapili hii, basi. Na utamke majina vizuri, usiyameze." Kisha akachukua upawa. "Haya, kaa ule. Bata ni mpaka Alhamisi."

Ndoa ikatangazwa Jumapili tatu. Kila mara Mchungaji alipouliza kama yupo anayejua kizuizi, watu wote waligeukia kiti cha akina Hussall, na mbunge wetu mpya alikuwa akichunguza kucha zake. Walioana Julai. Mtoto wa kike alizaliwa Oktoba, na waliohesabu miezi walikuwa wengi, lakini kuhesabu siyo sheria.

Hakuna aliyemuuliza Kanali kuhusu daftari. Karani wa ngome, mtu mwenye macho mabovu, alifukuzwa kazi. Kanali akaenda London, akakaa Bungeni miaka sita, na katika miaka hiyo alisimama mara moja, kuomba dirisha lifungwe. Halikufungwa. Alikufa kwa kula samaki aliyekaa sana, na mjane wake akaagiza marumaru kutoka ng'ambo. Sauti ya mji wake. Baba wa askari wake.

Ningefurahi kuishia kwenye chungu kile, watu wakicheka na mkubwa ameshikwa. Lakini nimeishi hapa muda mrefu mno. Agosti, wiki tano baada ya harusi, sajini alipita tena mjini akiokota wanaume kwa ajili ya gwaride. Alasiri Thomasin alikuwa mlangoni akisokota, miguu imevimba, alipomwona mumewe akija kwenye Njia ya Kinu na mkate kwapani na jibini mkononi. Hakusimamisha gurudumu.

"Na leo umekuwa nani?"

Humphrey akatazama chini. "Tobias Beer."

"Yule wa Njia ya Kanisa? Aliyezama?"

"Huyohuyo."

Gurudumu likazunguka.

"Ana mke?"

"Hana," Humphrey akasema, na kukaa kando yake kwenye kizingiti. "Niliuliza kwanza."

Thomasin akaunyoosha mkono, akapokea jibini.